Kwa nini petroli ya huku si bei ya kule

Kazi yangu ni kuhakiki risiti za mafuta katika kampuni ya usafirishaji. Dereva akirudi safari anaziweka mezani kwangu. Nyingine zimefifia kwa jua la kwenye dashibodi, hadi nizisogeze dirishani ndipo nione lita, bei ya lita moja, tarehe na saa. Huwa nazipanga kwa njia, sizipangi kwa jina la dereva, na zikishakaa hivyo tofauti inajitokeza yenyewe: wiki ileile, gari lilelile, petroli ileile, lakini kila kituo na bei yake. Madereva wamezoea kuniambia, "Dada, usinihesabie kwa bei ya huku, kule ni nyingine." Wanasema kweli, na inaniuma kuona mtu akituhumiwa kuchezea hesabu kwa sababu tu amejaza tangi mahali palipo mbali na bohari.

Habari za mafuta siku zote huanza na pipa, yaani bei ya pipa la mafuta ghafi. Pipa limepanda, pipa limeshuka. Mimi naona pipa linajibu swali moja tu, la kwa nini bei ya leo si ya mwaka jana. Swali la pili, la kwa nini bei ya hapa si ya pale, pipa haliligusi, kwa kuwa siku hiyohiyo wote wananunua mafuta ghafi kwa bei zinazokaribiana.

Tuanze na hilo la kwanza. Pipa moja ni lita 159. Kwa hiyo likipanda kwa dola 10, kila lita ya mafuta ghafi imeongezeka senti 6 na ushee za dola. Hesabu hii ndogo inafaa kukaa kichwani, maana ukisikia pipa limepanda dola 10 kisha pampu ikaongeza mara tatu ya hapo, unajua kuna jambo jingine la kuulizia. Julai 2008 pipa lilifika dola 147, na kabla mwaka haujaisha lilikuwa limeshuka chini ya dola 40. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, lilipita tena dola 120, na Juni mwaka huo wastani wa bei ya petroli Marekani ukavuka dola 5 kwa galoni (karibu lita 3.8) kwa mara ya kwanza. Mwaka huohuo dola nayo ilipanda thamani, na kwa kuwa mafuta huuzwa kwa dola, nchi yenye sarafu iliyodhoofika ililipia mara mbili: bei ya pipa, kisha bei ya dola yenyewe.

Halafu kuna Aprili 20, 2020. Magari yamelala kwa ajili ya korona, matangi ya kuhifadhia kule Cushing, Oklahoma, yanakaribia kujaa, na mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani wa kupokelewa mwezi Mei ukafunga siku kwa dola 37.63 chini ya sifuri. Muuzaji alikuwa tayari kumlipa mtu ayachukue. Pampu je? Petroli ilishuka sana, lakini hakuna aliyejaziwa tangi akapewa na chenji juu. Kodi ilikuwa palepale, bomba lilidai malipo yake, lori lilidai yake, na kituo kilikuwa na mishahara ya kulipa. Siku ile ilionyesha wazi ni kiasi gani cha bei ya lita moja hakihusiani kabisa na pipa.

Sehemu kubwa ya kiasi hicho ni kodi. Nchi nyingi za Ulaya hutoza kodi inayokaribia nusu ya bei ya pampu. Marekani, ushuru wa serikali kuu umekaa kwenye senti 18.4 kwa galoni tangu 1993, kisha kila jimbo linaongeza wa kwake. Ndiyo maana pipa likitikisika kidogo tu Mmarekani analisikia haraka, ilhali Mjerumani, ambaye sehemu kubwa ya bei yake ni kodi isiyofuata pipa, anaona asilimia ndogo zaidi. Kuwa na visima nako hakutoshi: Norway inauza mafuta nje na bado petroli yake ni miongoni mwa ghali zaidi Ulaya, kwa uamuzi wake yenyewe wa kodi. Nigeria ilishika njia ya kinyume, ikalipa ruzuku miaka mingi. Ilipoiondoa Mei 2023 bei ikaruka karibu mara tatu, na visima vyake vilikuwa palepale.

Lakini linalonivutia kuliko yote ni njia ambayo mafuta yanapita. Huko ndiko tofauti ya eneo na eneo inakozaliwa. Chukua Marekani, nchi moja, sarafu moja. Pwani ya Ghuba ya Meksiko, Texas na Louisiana, ndiko viwanda vingi vya kusafisha mafuta viliko, na kwa kawaida bei huko ni ya chini. Kutoka Houston kuna bomba linalopanda hadi New Jersey, ambalo hubeba karibu nusu ya mafuta yanayotumika pwani ya mashariki. Mafuta humo hutembea kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na safari huchukua zaidi ya wiki mbili. Mei 2021 wadukuzi waliivamia mifumo ya kompyuta ya kampuni inayoliendesha, bomba likafungwa kwa siku kadhaa, na vituo vingi vya majimbo ya kusini-mashariki vikakauka. Pipa duniani halikuwa na habari.

California ni mfano mkali zaidi. Hakuna bomba linaloipelekea petroli kutoka Ghuba, na sheria zake za hewa safi zinadai petroli ya mchanganyiko wa pekee ambao viwanda vingi vya nje haviutengenezi. Februari 2015 kiwanda kimoja cha Torrance, karibu na Los Angeles, kilipata mlipuko. Bei za jimbo zima zikapaa, kwa sababu shehena ya kuziba pengo ilibidi ije kwa meli, na meli huchukua wiki kadhaa. Ukiishi mwisho wa njia, hitilafu ya mtu mmoja aliye juu yako inakuwa bei yako. Hili ni kweli kwa kila mji ulio mbali na bandari au bohari: lori linakwenda na mzigo, linarudi tupu, na gharama ya kurudi tupu nayo imo ndani ya lita.

Kuna jambo moja ambalo mwendo wa njia hauwezi kulitetea. Mwaka 1991 mchumi Robert Bacon alichunguza petroli ya Uingereza na kuliita jambo hilo roketi na manyoya: gharama zikipanda bei hupaa upesi, zikishuka bei huteremka taratibu ikielea. Watafiti wengine waliliona baadaye katika masoko mengi, ingawa si yote. Wenye vituo hujibu kwamba wanauza mafuta waliyonunua ghali. Ninawaelewa, ila sababu hiyo ingepaswa kufanya kazi pande zote mbili, na akiba waliyonunua kwa bei nafuu ingechelewesha kupanda pia. Ninavyoona mimi, kinachochangia zaidi ni sisi wanunuzi. Bei ikipanda tunazunguka kutafuta kituo cha nafuu; ikishuka senti mbili tu tunashukuru na kuacha kutafuta. Penye vituo viwili barabara nzima, hakuna wa kumharakisha mwenzake.

Ndiyo maana naupenda utaratibu wa jimbo la Western Australia, ulioanza Januari 2001. Kila kituo hutangaza bei ya kesho ifikapo saa nane mchana, na bei hiyo inaanza saa kumi na mbili asubuhi na kukaa bila kuguswa kwa saa 24. Dereva anajua leo kama ajaze au asubiri kesho. Bado bei za Perth, mji mkuu wa jimbo hilo, huruka siku moja na kushuka zinazofuata, wiki baada ya wiki, kwa hiyo sisemi ni dawa ya kila kitu. Lakini ningependa kila mahali, pembeni ya bei ya kituo, ichapishwe pia bei ya bohari ya siku hiyohiyo, tarehe kwa tarehe. Mtu aone mwenyewe bohari ilishuka lini, kituo kilishuka lini, na hizo siku za katikati aende akamuulizie mwenye kituo.