Mimi na mama kwenye mto Danube
Jamani tumerudi! Siku saba kwenye meli ya mtoni, Passau kule Ujerumani mpaka Budapest, Hungaria, na kurudi, mimi na mama aliyekuja kunitembelea kutoka Tanga. Viza yake moja ya Schengen ilitosha nchi zote nne: Ujerumani, Austria, Slovakia na Hungaria.

Nilipokosea ni chumba. Niliona cha chini ni nafuu, nikalipia chapuchapu. Kumbe dirisha ni kipande cha kioo karibu na dari, halifunguki, na maji yako hapohapo nje. Mama kachungulia, kaona miguu ya bata. "Mwanangu, umenileta nikaishi na samaki?" Ila hata wa vyumba vya juu walikiona cha moto tulipotia nanga Vienna. Meli zinafungwa ubavu kwa ubavu, ukivuta pazia unakutana na mzee wa watu wa meli ya pili anapiga mswaki.

Mwezi nilipatia, Mei. Kiangazi kikikausha mto, meli hukwama na abiria humalizia safari kwa basi. Na kabla hujalipa uliza: vinywaji na bakshishi vimo?

Budapest usiku, bunge linawaka taa, mama kajitanda khanga juu ya koti, hataki kushuka sitahani.