Jioni na 4294967297

Hapa Kibaigwa malori yakichelewa, karani wa mizani hana la kufanya. Alhamisi iliyopita nilikaa juu ya magunia ya mahindi, upepo unarusha vumbi na makapi, nikafungua ukurasa wa mwisho wa daftari la mizigo na kuandika 4294967297.

Namba hii naipenda tangu kidato cha tatu. Ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat, mwanasheria aliyependa hesabu, aliona kwamba 3, 5, 17, 257 na 65537 (yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, ukiongeza 1) zote ni namba tasa, akaamini inayofuata, yaani hii yangu, nayo ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler akaipasua: ni 641 mara 6700417.

Wengi hudhani Euler alihangaika na namba tasa zote moja baada ya nyingine. Yeye mwenyewe alikuja kuthibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakize 1. Zichuje kwa sharti hilo uone zinazobaki mpaka kufikia jibu: 193, 257, 449, 577, 641. Tano tu! Namba ya zaidi ya bilioni 4, na mtu yeyote mwenye kalamu anaimaliza kabla chai haijapoa. Kila nikilifikiria hili nasisimka.

Basi nikaanza. Kikokotoo kilikuwa mfukoni, nikakiacha hukohuko. 193 ikabakiza 109. 257 ikabakiza 2, karibu kabisa. 449 ikabakiza 325, na 577 ikabakiza 288.

Ya 641 niliifanya polepole. 4294 inaingia mara 6, inabaki 448. Shusha 9: 4489. Saba mara 641 ni 4487, inabaki 2. Shusha 6, haiingii. Shusha 7, haiingii. Shusha 2, unapata 2672, mara 4, inabaki 108. Shusha 9: 1089, mara 1, inabaki 448.

448 tena! Ileile ya mwanzo. Safari ya kwanza ilishukiwa na 9, ikazidi kwa 2. Sasa tarakimu iliyobaki ni moja tu, nayo ni 7. 4487. Inaisha, hakuna baki. Nilisimama juu ya magunia, kijana wa kupakia akaniuliza, "Dada, lori limefika?"

Lilifika saa kumi.

Nina kazi moja bado. Nataka nijionee kwa mkono wangu kwamba 6700417 nayo ni tasa. Sharti ni lilelile la 64, na kipeuo chake cha pili hakifiki 2589, kwa hiyo namba tasa ya mwisho ya kujaribu ni 2113. Jana usiku nimemaliza 769, imebakiza 120. Inayofuata ni 1153.