Nimelitafuta Daraja la Mungu huku nimelikanyaga

Jamani watu wa Mbeya mna vitu halafu mmenyamaza tu. Nilikuwa Tukuyu kwa mambo ya kifamilia, jumamosi nikawa sina kazi, shemeji akasema twende nikakuoneshe Daraja la Mungu, mi kichwani nshajenga daraja kubwaaa la kupigia picha za maana. Tukashika boda, njia tope tupu (Rungwe mvua haiombi ruhusa, koti usiache), tukashuka, tukatembea kidogo kwenye majani, nikaona kimya, nikamuuliza shem sasa daraja lenyewe liko wapi? Alicheka mpaka akachuchumaa. "Si hilo umesimama juu yake!"

Kweli bwana, ukiwa juu huoni kitu, majani na miti tu kama unaenda shamba. Mpaka uteremke pembeni kwenye mto Kiwira ndo unaliona, mwamba umejipinda toka ng'ambo hii mpaka ile, hakuna nondo hakuna saruji, maji yanapita chini yake yanaelekea zake Ziwa Nyasa. Ni mwamba wa volkano huo, zamani milima ya huku ilimwaga uji wa moto ukapoa ukawa jiwe, mto nao ukajitafutia njia kwa chini. Nilikaa pale kama nusu saa naangalia tu, baridi inatoka majini, mawe yana ukungu wa kijani, na hapo ndo nikateleza maana nilienda na ndala, msicheke, simu ilipona goti halikupona.

Baadae tukaenda Kijungu, si mbali, kiko eneo la chuo cha magereza kwahiyo mnajieleza getini kwanza. Kwa macho yangu hiki ndo kiboko kuliko hata daraja, mto wote mzima unajibana kwenye miamba unaingia kwenye shimo la duara kama chungu, unazunguka unatoa povu kama kitu kinachemka, halafu unapotea chini ya jiwe na kutokea upande wa pili. Mngurumo wake mnaongea kwa kupiga kelele. Usisogee ukingoni kisa selfi, pale jiwe limelowa muda wote.

Shem sasa hivi ananiambia bado ziwa Ngosi, kule ni kupanda mlima ndani ya msitu. Nimemwambia anipe muda kwanza ninunue raba.