Nilivyotumwa Morogoro

Wiki tatu zilizopita nilipanda treni ya asubuhi kwenda Morogoro kuokoa ndoa ya kaka yangu. Ndivyo mama alivyosema kwenye simu: "Wewe ndiye mnayesikilizana. Nenda ukaongee na wifi yako." Kaka mwenyewe hakupiga. Alituma nauli, basi.

Kosa lake ukoo mzima unalijua. Wifi alichukua simu ya mumewe anunue luku, akakutana na miamala: laki moja na nusu, kila tarehe 28, jina lile lile la kike, miezi kumi na mmoja mfululizo. Hakukuta hata neno moja la mahaba. "Angekuwa anamwandikia maneno matamu ningesema ni tamaa tu," aliniambia baadaye. "Huyu alikuwa analipa kodi ya nyumba, wifi."

Kwenye begi nilikuwa na Anna Karenina ya Tolstoy, kitabu nilichowahi kukianza mara mbili nikashindwa na majina ya Kirusi. Nikaanza upya. Hatujafika Soga nikakifunga, nikabaki kutazama mashamba dirishani. Kumbe kitabu kinaanza na bwana mmoja, Stiva, aliyefumwa na mkewe Dolly baada ya barua ya mwalimu wa Kifaransa wa watoto kuonekana. Nyumba imechafuka, mke hataki kumwona. Wanafanyaje? Wanamsubiri dada wa huyo bwana, Anna, aje kwa treni kutoka Petersburg kusuluhisha. Nilihisi kama nimesimangwa.

Nilimkuta wifi uani, ungo mapajani, anachagua mchele. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai, akarudi kwenye ungo wake. Nikaanza. Kaka anajuta. Kuna watoto watatu. Ndoa ni kuvumiliana. Shetani kampitia. Nilijisikia nikiongea kwa sauti ya shangazi zangu wote kwa pamoja, na kila neno lilitoka bila kukwama, kama nimelikariri tangu utoto. Yeye anatoa chuya moja moja, anazitupa pembeni kwa kuku.

Nilipomaliza akaniuliza, bila ukali: "Sasa wifi, ingekuwa mimi ndiye ninayemtumia mwanaume laki na nusu kila mwezi, ungepanda treni kuja kumwambia kaka yako anivumilie?"

Nikanywa chai. Ilikuwa imepoa.

Kitabu nimekimaliza jana usiku, na swali la wifi limo mle ndani, kurasa mia kadhaa. Anna anafanikiwa. Anamwambia Dolly kwamba yeye angesamehe kabisa, kama vile hakikutokea kitu, na Dolly anasamehe. Kisha Anna naye anatoka nje ya ndoa. Wale waliokuwa wakimkaribisha kwenye karamu wanamfungia milango, anatukanwa mbele za watu kwenye jumba la opera, mwanawe anabaki kwa baba, na mwisho anajitupa chini ya treni. Kaka yake, ambaye hakuacha tabia yake hata siku moja, anaendelea kula vizuri na kupendwa na kila mtu. Tolstoy, ambaye riwaya hii ilitoka kwa mfululizo kwenye jarida kati ya 1875 na 1877, hapigi kelele kuhusu hilo, anaweka tu mambo yalivyo. Stiva hata anapata kazi nono kwenye mambo ya reli! Na siku anapokutana stesheni na yule mpenzi wa dada yake, huzuni inampita usoni dakika moja, kisha anasahau kwamba majuzi tu alikuwa analia juu ya maiti. Hapo nilikiweka kitabu chini nikaenda kunywa maji.

Kaka na dada, tumbo moja, kosa moja.

Nimekuwa nikifikiria maneno tunayotumia sisi. Ya mwanaume ni "mchepuko", neno la barabarani: dereva kakwepa foleni kidogo, atarudi lami. Au "nyumba ndogo", ambayo ukiisikia vibaya utadhani ni mradi wa ujenzi. Mke akifanya hayo hayo hatuna neno la utani. Tuna tusi. Kwenye kicheni pati yangu makungwi walinifundisha saa nne nzima, mpaka namna ya kupokea mkoba wake mlangoni. Sikusikia kwamba mume wangu aliketishwa popote hata dakika kumi. Si jambo jipya. Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi mnamo 1858 akimweleza kwamba radhi ya mume ni moja ya radhi tano anazozihitaji, na shuleni tulifundishwa kuupenda, nami naupenda kweli, kwa lugha yake na kwa yule mama mgonjwa anayeaga. Lakini sikufundishwa utendi wowote ambao baba anamwambia mwanawe wa kiume atafute radhi ya mke.

Kinachonishangaza ni kwamba kwenye karatasi hatuna ubaguzi huo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu mume au mke, yeyote kati yao, kumdai fidia ya ugoni mtu aliyezini na mwenzake. Na kanisani maneno yalikuwa yale yale kwa wote wawili. Nilikuwepo, nilishika maua ya bibi harusi. Kaka alisema "naahidi kuwa mwaminifu kwako katika taabu na raha" kwa sauti kubwa mpaka padri akatabasamu. Wifi alisema hayo hayo, taratibu, kwaya ikapiga vigelegele. Nani aliyatafsiri upya kati ya altare na nyumbani? Naogopa jibu, maana mimi ndiye niliyepelekwa Morogoro na tafsiri hiyo mdomoni, nauli imelipwa.

Wifi hakuondoka. Sijui kama ni mimi, au watoto, au ada ya shule ya Januari. Nilipoaga alinifungia kilo mbili za ule mchele uliochaguliwa, akanisindikiza mpaka kwenye bajaji, akaniambia nimsalimie mama.

Leo asubuhi kaka kanitumia ujumbe wa sauti, anacheka. Mambo yametulia, dada, Mungu akubariki, Krismasi wote njooni huku, nitachinja mbuzi.

Leo ni tarehe 26.