Ijumaa ya kikapu

Mama mkubwa aliagiza maharage yalowekwe tangu Alhamisi usiku, na ndivyo tulivyoyakuta: kilo mbili kwenye ndoo, yamefura, maji yamepanda juu yake vidole vinne. Ilikuwa Ijumaa ya kiangazi, miaka michache baada ya volkano ya Nyiragongo kuuunguza mji wa Goma, huku Kongo, Januari 2002, kwenye nyumba ya mbao iliyosimamishwa juu ya lava iliyopoa. Kina mama wa kanisa letu la Waadventista walikuwa wamejaa uani, na jirani mmoja Mkatoliki alikuja pia, maana Jumapili yake ilikuwa ikimchosha kama Sabato ilivyotuchosha sisi.

Mama mkubwa alikuwa akitufundisha kuandaa chakula cha Sabato siku ya Ijumaa, na alianza na saa, kabla ya kugusa chakula chenyewe. Huku kwetu, karibu na ikweta, jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Sabato yetu, ya Jumamosi, huingia hapo Ijumaa, ukiwa tayari au hujawa. Katika Kutoka 16 mana ya siku ya sita ilikuwa maradufu, na watu wakaambiwa waoke na watokose siku hiyo. Mama mkubwa alisema anayekimbizana na jua saa kumi na moja kwa kawaida ameponzwa na mambo matatu: amefua Ijumaa, amenunua makala (makaa) Ijumaa, amengoja maji Ijumaa. Kufua kuhamie Jumatano. Makala na bidoni (madumu) za maji ziingie ndani Alhamisi, kabla wenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, hawajalemewa na wateja. Maji ya ziwani yachemke mpaka yatokote kwa nguvu dakika nzima, yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha yatiwe kwenye bidoni safi yenye mdomo mdogo. Sufuria wazi ambayo kila mtoto anachovya kikombe chake ni njia ya kipindupindu, hata kama maji yalichemshwa vizuri.

Kisha kikapu. Kilikuwa kitunga kikubwa cha sokoni, kipana kiasi cha sufuria kukaa katikati na kubaki nafasi ya shibiri moja pande zote. Chini alitandika majani makavu ya migomba, akayashindilia kwa ngumi, kisha akazungusha mengine pembeni. Yakiwa mabichi hayafai: yanafyonza joto na kutoa unyevu. Juu aliweka mto alioushona kwa kitenge kikuukuu, nao umejaa majani hayo hayo. Kazi ya majani ni kushika hewa isitembee, na joto lisipopata njia ya kutoka, chakula kinaendelea kuiva bila moto.

Hapo ndipo alipokaza sauti. Maji ya kulowekea alimwaga yote, akatia mapya, akaweka sufuria kwenye mbabula, jiko la makala, yenye moto mkali. Maharage, hasa mekundu, yana sumu inayosababisha kutapika na kuharisha, na sumu hiyo haifi kwa joto la polepole. Mtu akiyatia kikapuni yakiwa vuguvugu tu, atawafanya watoto waugue huku akidhani amebana makala. Isitoshe Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji hutokota kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kwa hiyo aliyaacha yachemke kwa fujo nusu saa nzima, mfuniko ukiruka. Nyanya hakutia, kwa sababu uchachu wake huzuia maganda kulainika. Zilingoja mwisho pamoja na kitunguu. Mama mmoja aliuliza kuhusu magadi. Alijibu kwamba yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1, na sisi tuliloweka ili tusiyahitaji.

Sufuria ilitoka motoni ikitokota bado, imejaa karibu hadi ukingoni, ikaingia kikapuni bila kufunuliwa, mto juu. Sufuria iliyojaa nusu hupoa haraka. Binti mmoja alitaka kuchungulia baada ya muda.

“Usifungue, binti yangu! Kila ukifungua, unatoa joto, na huna moto wa kulirudisha.”

Sombe haikuingia kikapuni. Majani ya muhogo yana sumu yake, inayopungua yakitwangwa vizuri na kuchemshwa sufuria ikiwa wazi ili mvuke utoke. Kuyafungia ndani ni kosa. Sombe ilipikwa ikaisha pale pale.

Maharage yalifunguliwa kwa chakula cha jioni, laini kabisa. Yaliyobaki hayakurudishwa kikapuni yakae humo mpaka mchana wa pili, maana chakula kilichokaa vuguvugu usiku kucha huchacha na kuumiza tumbo. Yalikaa penye baridi yamefunikwa, na Jumamosi yangechemshwa tena kwa makala kidogo mpaka yatokote. Kwetu kupasha moto hakuvunji Sabato. Kupika upya ndiko tunakokukwepa. Wala mbabula haiingizwi chumbani ipashe joto usiku: moshi usioonekana wa makala umeua watu waliolala.

“Na bugali (ugali)?” aliuliza yule jirani. Bugali hauwekwi. Jumamosi ni viazi vitamu vilivyochemshwa Ijumaa, avoka, ndizi, karanga za kukaanga. Wachache walinung'unika kwamba baba wa nyumba hashibi bila bugali. Mama mkubwa hakubishana nao sana. Alisema tumbo jepesi ndilo linalokaa macho wakati wa ibada na linalotembea hadi ziwani alasiri, na mwili unahitaji mwendo huo kama unavyohitaji usingizi.

Halafu akauliza: kesho nani ataosha vyombo? Macho yote yakamgeukia msichana wa kazi wa nyumba ile, aliyekuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Kwangu hilo ndilo lililokuwa somo lenyewe, na maharage yalikuwa njia tu ya kulifikia. Kumbukumbu la Torati 5:14 inawataja mtumishi wa kiume na wa kike kwa majina ya kazi yao, na inasema wapumzike kama bwana wao. Nyumba ambayo mama anasali na msichana anasugua masufuria haijaishika siku hiyo.

Basi walikubaliana pale pale. Vyombo vya Jumamosi vitakwanguliwa, vitalowekwa kwenye beseni lenye maji na sabuni, na kila mtu ataosha chake jua likishazama. Msichana atakuwa huru tangu Ijumaa saa kumi na moja, na mshahara wake hautapunguzwa. Mwenye nyumba alilitamka hilo mbele yetu sote, na mama mkubwa akamwomba alirudie, ili msichana alisikie kwa mdomo wa anayemlipa.