Kijana wa dagaa na skrini zangu mbili

Kwenye timu yangu ya kikapu, mpiga tatu wangu, yule wa kufunga pointi tatu kutoka mbali, anauza dagaa mwaloni Kirumba. Alfajiri yuko huko, jioni yuko kwangu uwanjani, na mpira wote unanuka dagaa. Ukimwacha wazi umekwisha. Tatizo ni kwamba wapinzani wetu wote hapa Mwanza wanalijua hilo.

Nikachukua chaki, nikachora kwenye saruji: anaanzia chini ya kikapu, anapita skrini mbili zilizofuatana, yaani wenzake wawili waliosimama kumzibia njia mkabaji wake, anatokea kushoto juu, anapokea, anapiga. Mchoro ulipendeza. Jumamosi tuliujaribu mara tatu kwenye mechi, hatukupata hata pointi moja. Niliwafokea vijana. Usiku nikaangalia video ya simu, nikaona aibu ni yangu.

Nilikuwa nimemfundisha kukimbia tangu mwanzo. Basi anayemkaba naye anakimbia, wanafika pamoja kama mapacha. Halafu kati ya bega lake na skrini kulikuwa na uwazi wa kupitisha bodaboda. Na yule mrefu wangu, badala ya kusimama, alikuwa anasogea kumfuata mkabaji: filimbi, faulo, mpira wa kwao.

Sasa anatembea. Anajivuta kama mtu aliyetumwa chumvi, anamburuta mkabaji wake mpaka chini ya kikapu, anangoja mwenzake asimame imara, ndipo anachomoka, bega likisugua kiuno cha aliyeweka skrini. Kule kungoja ndiko kunakomshinda. Akiwahi kidogo tu, yote yameharibika. Na kuna jambo chaki haiwezi kuonyesha. Mkabaji akimfuata mgongoni, akunje kuelekea kikapuni. Mkabaji akikatisha upande wa pili wa skrini, yeye arudi kona, ambako mstari wa pointi tatu uko mita 6.60 badala ya 6.75. Upepo wa ziwa ukivuma jioni, hizo sentimita 15 si haba.

Nilimsimulia habari za Klay Thompson, mpiga tatu wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani: Desemba 2016, pointi 60 dhidi ya Indiana, na mpira aliudunda mara 11 tu.

“Sasa muda wote alikuwa anafanya nini, kocha?”

“Anazunguka skrini.”

Jana mazoezini ikakubali. Wakabaji wawili wakamrukia yeye, yule mrefu akabaki peke yake chini ya kikapu, akapewa mpira safi kabisa. Akakosa.

Kijana wa dagaa akanigeukia. “Kocha, na huyu tumwekee skrini?”