Kumcheua mteja hadi usiku wa manane

Jumanne, saa tano usiku

Mteja wa gauni la kijani kaniandikia WhatsApp jioni: "Nimelipata." Basi. Hakuna asante, hakuna picha, hata emoji. Kufika saa moja nilikuwa nimeshajihakikishia kwamba kiuno kimembana. Saa tatu nikahamia kwenye zipu. Sasa hivi nimefika mbali zaidi: mimi si fundi, na mtaa mzima unajua.

Tabia hii ya kucheua wazo lilelile, kama ng'ombe anavyocheua majani, imechunguzwa. Mwaka 1989 Susan Nolen-Hoeksema, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, alikuwa amewahoji wanafunzi wa chuo hicho wanafanyaje wakipatwa na huzuni. Siku 14 baadaye, tarehe 17 Oktoba, tetemeko la Loma Prieta likapiga eneo lile. Akawarudia. Waliokuwa na mazoea ya kukaa na huzuni yao na kuicheua, kwa nini mimi, nina kasoro gani, ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, hata wiki saba baada ya tetemeko, na hata ukizingatia hali waliyokuwa nayo kabla.

Kinachoniudhi ni kwamba tabia yenyewe inasifiwa. Mama alikuwa akiwaambia majirani, "Huyu ukimkemea kidogo tu, halali," na alisema kwa fahari. Kwenye cherehani pia, fundi anayefumua mshono mara ya tatu anaitwa makini, na kweli wateja wanafaidi. Ila mshono ukifumuliwa unashonwa upya, unapigwa pasi, umekwisha. Wazo la saa tano usiku halina mahali pa kukata uzi.

Mwaka 1978 wanasaikolojia Lyn Abramson, Martin Seligman na John Teasdale waliandika kuhusu maelezo tunayojipa mambo yakienda kombo: kosa ni langu, halitaisha, na linaharibu kila kitu. Anayeelekea huko kila mara ndiye aliye karibu zaidi na sonona. Mimi leo nilizimaliza zote tatu kabla sijaosha vyombo.

Dada yangu, fundi vilevile, mteja akimnyamazia husema, "Atakuwa hana bando," kisha anakoroma. Kwa kushona namzidi. Kwa usingizi, hapana.

Tabia peke yake haiuguzi mtu. Wapo wanaowaza hivi hadi uzee na hawajaugua, na wapo wachangamfu walioangushwa na msiba, madeni au uzazi. Kwa hiyo anayesema sonona ni ya wenye imani haba simsikilizi. Wala anayeniambia "usiwaze sana", maana ningekuwa naweza ningeshaacha.

Kinachonisaidia, kwa kiasi, ni kubadili swali. "Kwa nini niko hivi" huzunguka mpaka alfajiri. "Nifanye nini, saa ngapi" lina jibu. Nyuma ya daftari la vipimo nimeandika: kesho saa tatu asubuhi, muulize kiuno kimekaaje. Nimefunga daftari. Wazo limerudi mara mbili tangu hapo, lakini limekuja fupi.

Na kuna mpaka nimejiwekea nikiwa bado na akili timamu. Zikipita wiki mbili silali, chakula hakipiti, cherehani siitamani, hapo si suala la daftari tena. Ni hospitali, na dada ameshaambiwa anipeleke hata nikigoma.